Siku za Mgonjwa: Fizikia ya Tiba ya Saratani na Safari ya Kutoka Tarime na Serengeti hadi Bugando

Habari za tiba ya saratani nchini mwetu katika miaka ya karibuni zimekuwa, kwa sehemu kubwa, habari njema. Mwaka 2018 Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, ilianza kutumia mashine mbili za kisasa za tiba ya mionzi aina ya LINAC. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, inatoa tiba ya mionzi kwa mashine ya kobalti, na hivyo mgonjwa wa Kanda ya Ziwa halazimiki tena katika kila hali kusafiri hadi pwani. Kutokana na mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 ambao Serikali iliupata mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, wakati wa janga la UVIKO-19, zilinunuliwa pia mashine za CT Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa.

Hayo yote yanastahili shukrani. Hata hivyo, mwamini wa Nyamwaga, wa Sirari, wa Nyamongo, wa Natta au wa Mugumu ana haki ya kuuliza kama maendeleo hayo yamemfikia yeye. Tunapendekeza kipimo kimoja cha kujibu swali hilo, nacho ni siku: siku ambazo mgonjwa huzipoteza kabla ya kufika kwa daktari, na siku ambazo tiba humtaka akae mbali na nyumba yake. Wanasayansi wamefanya kazi kubwa ya kupunguza hizo za pili. Hizo za kwanza, kwa maoni yetu, ziko zaidi mikononi mwetu sisi wenyewe.

Kutoka Tarime hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 250. Msafiri huteremka hadi Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, hupita Bunda, Lamadi na Magu, na hufika Mwanza amechoka hata kama ni mzima. Anayetoka Mugumu hupita Natta na Nyamuswa kabla ya kuikuta barabara kuu pale Bunda. Kwa mtu mwenye afya hiyo ni safari ya siku moja. Kwa mama mwenye uvimbe unaovuja damu, aliyekaa kwenye kiti cha basi juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, ni safari ya namna nyingine kabisa.

Ni vema kukumbuka mlango anaougonga huyo mama ulifunguliwa na nani. Bugando ilijengwa kwa juhudi za Maaskofu Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata ilitaifishwa. Na mwaka 1985, kwa makubaliano kati ya Kanisa na Serikali, uendeshaji wake ulirejeshwa kwa Kanisa, huku Serikali ikiendelea kuchangia. Kilimani hapo hapo kipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya tiba ya saratani Kanda ya Ziwa, hatuzungumzi juu ya jambo la watu wengine. Ni utume wa Kanisa letu.

Sasa, nini maana ya fizikia ya tiba? Wengi wetu tunamfahamu daktari, muuguzi, na yule mtaalamu anayetuambia tusipumue wakati wa kupigwa eksirei. Nyuma yao yupo mtu mwingine ambaye mgonjwa huenda asimwone hata mara moja: mwanafizikia tiba. Kazi yake ni kupima mionzi inayotoka kwenye mashine, kukokotoa ni kiasi gani kitafika kwenye uvimbe na kiasi gani kitagusa viungo vilivyo jirani, na kuhakikisha kwamba kilichoandikwa na daktari ndicho kinachomfikia mgonjwa. Daktari ndiye anayeamua dozi. Mwanafizikia ndiye anayeitolea ushahidi kwamba ni dozi hiyo kweli.

Elimu hii ilianza tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, ambapo Profesa Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale isiyoonekana kwa macho inayopenya mwilini. Mwezi Desemba mwaka huo alipiga picha ya mkono wa mke wake, ikaonekana mifupa na pete kidoleni. Röntgen hakuomba hataza ya ugunduzi wake. Alitaka uwafae watu wote. Katika dunia ambayo dawa moja yaweza kugharimu bei ya ng'ombe kumi, tendo hilo linatufikirisha.

Hatua nyingine kubwa, ile ya CT Scan, ina mzizi katika bara letu, na tunashangaa kwamba shuleni haisimuliwi. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg na alikuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa asimamie kwa muda kazi za fizikia katika Hospitali ya Groote Schuur, kwa sababu sheria ya nchi ilitaka mwanafizikia mwenye sifa asimamie matumizi ya vitu vyenye mionzi. Alikwenda pale siku moja na nusu kwa juma. Akaona kwamba madaktari wa mionzi walipanga tiba kana kwamba mwili wote ni kitu cha aina moja, ilhali mfupa, pafu na nyama havipitishi mionzi kwa kiasi kilekile. Akajiuliza: je, haiwezekani kupiga picha kutoka pande nyingi, kisha kwa hesabu kuchora ramani ya ndani ya mwili, kipande kwa kipande? Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Mhandisi Godfrey Hounsfield wa Uingereza, bila kujua kazi ya Cormack, alitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha nayo Oktoba 1971. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Tazama basi: swali lililozaa CT Scan liliulizwa hospitalini, na mtu aliyekuwa akijaribu kupanga vizuri zaidi tiba ya wagonjwa wa saratani.

Tuje kwenye tiba yenyewe, kwa maana hapa ndipo penye hofu nyingi. Lugha yetu imetuponza kidogo. Tunasema mgonjwa "anachomwa mionzi," na mzee akisikia neno hilo anafikiria moto. Dozi ya mionzi hupimwa kwa kizio kiitwacho grei, na mgonjwa kwa kawaida hupokea kama grei 2 kwa siku. Nishati hiyo ni ndogo kiasi kwamba, kama ingetumika kupasha maji, isingeongeza joto lake hata sehemu moja ya elfu ya digrii. Mionzi haichomi kama moto. Hukata nyuzi za vinasaba ndani ya seli, na seli iliyokatwa vibaya hushindwa kuzaliana. Ni kweli ngozi yaweza kuwa nyeusi na kuuma, tumbo laweza kusumbua, na mgonjwa huchoka sana. Hatusemi kwamba ni tiba rahisi. Tunasema tu kwamba si moto.

Kwa nini basi mgonjwa aende kila siku kwa majuma mengi, badala ya kupewa yote mara moja akarudi nyumbani? Kwa sababu seli nzima, zikipewa jeraha dogo na muda wa kupumzika, hujirekebisha vizuri kuliko seli za saratani. Tiba hugawanywa ili kila usiku mwili ujenge kile ambacho ugonjwa hauwezi kukijenga. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwapata zaidi ya wanawake 10,000 kila mwaka nchini Tanzania, utaratibu wa kawaida ni vipindi 25 hivi, siku tano kwa juma, yaani majuma matano, na baada yake mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huwekwa kwa muda mfupi karibu kabisa na uvimbe. Yote haya yanapaswa kukamilika ndani ya majuma manane. Tafiti zimeonyesha kwamba tiba ikivuka muda wake, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila siku inayozidi.

Asilimia 1 kwa siku. Tunaomba msomaji atulie hapo kidogo. Mgonjwa anayeondoka Mwanza katikati ya tiba kwa sababu mahindi yamekauka shambani na watoto wako peke yao, akakaa nyumbani majuma mawili, hajaahirisha tu: amepunguza nafasi yake ya kupona kwa kiasi ambacho hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, itakachomrudishia. Katika utume wetu tumewafahamu waamini walioacha tiba katikati. Hawakuwa wazembe. Mmoja alituambia kwamba fedha ya chumba ilikwisha kabla ya siku kwisha, na kwamba aliona aibu kumpigia tena simu shemeji yake.

Ndiyo maana maendeleo ya fizikia yanayotufaa zaidi sisi wa Mara si yale yanayopamba magazeti. Kuna nchi zinazojenga vituo vya mionzi ya protoni kwa fedha ambazo zingetosha hospitali nzima; hatuvidharau, lakini si hitaji letu la kwanza. Jambo linalotugusa ni kwamba picha zimekuwa sahihi zaidi. LINAC za kisasa huweza kupiga picha ya mgonjwa akiwa tayari amelala mezani, ikaonekana kama uvimbe umesogea kwa milimeta chache tangu jana. Vipande vyembamba vya chuma, vinavyosogezwa na kompyuta, huupa mwale wa mionzi umbo la uvimbe wenyewe. Programu mpya huchora mipaka ya viungo kwa dakika chache, kazi iliyokuwa ikimchukua daktari saa nzima au zaidi, ingawa jicho la daktari bado lazima lihakiki. Usahihi unapoongezeka, viungo vizima huguswa kidogo. Na vikiguswa kidogo, dozi ya kila siku yaweza kuwa kubwa zaidi na siku zikawa chache.

Ushahidi upo. Nchini Uingereza, utafiti uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 4,000 wa saratani ya matiti, ambao matokeo yake ya miaka mitano yalichapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba vipindi vitano kwa juma moja havikuwa na matokeo duni kuliko vipindi 15 kwa majuma matatu. Zamani wagonjwa hao walipewa vipindi 25. Kwa saratani ya tezi dume, utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba vipindi 20 vinaweza kuchukua nafasi ya vipindi 37. Mkazi wa London anaokoa nauli ya treni. Kwa mama wa Mugumu, tofauti kati ya juma moja na majuma matano yaweza kuwa tofauti kati ya kutibiwa na kutotibiwa. Hiyo haina maana kwamba kila mgonjwa anaweza kupewa ratiba fupi. Kwa mlango wa kizazi majuma matano bado ndiyo desturi, na daktari ndiye mwenye kuamua. Lakini mgonjwa anayo ruhusa ya kuuliza: "Daktari, je, kwa ugonjwa wangu ipo njia ya siku chache?" Swali hilo si utovu wa heshima.

Ipo pia tofauti ya mashine ambayo tunaisikia ikizungumzwa bila haki. Baadhi ya watu wanasema kwamba mashine ya kobalti ni ya kizamani na kwamba anayetibiwa nayo amepewa makombo. Kobalti-60 imetibu saratani tangu mwaka 1951, ilipotumika kwa mara ya kwanza nchini Kanada, na bado inaponya. Uzuri wake ni kwamba haitegemei umeme mwingi wala haiharibiki ovyo. Udhaifu wake ni kwamba nguvu ya chanzo chake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, hivyo dakika za mgonjwa mezani huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka chanzo kibadilishwe. LINAC haina chanzo kinachozeeka namna hiyo. Huzalisha mionzi kwa umeme, na umeme ukikatika au mfumo wa kupoza ukifeli, foleni husimama. Kila moja ina mzigo wake. Zote mbili zinamhitaji yule mtu asiyeonekana.

Umuhimu wa mtu huyo ulidhihirika kwa uchungu huko San José, Costa Rica, mwaka 1996. Chanzo kipya cha kobalti kilipowekwa, kosa lilifanyika katika kupima nguvu yake: muda wa dakika 0.3, ambao ni sekunde 18, ulihesabiwa kama sekunde 30. Mashine ikadhaniwa kuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa, na wagonjwa 115 wakapewa mionzi iliyozidi kwa zaidi ya nusu ya walichostahili. Baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Wachimbaji wetu wa Nyamongo hawahitaji maelezo marefu hapa: anayepima dhahabu hakubali neno "kama," na mizani hukaguliwa kabla ya biashara. Katika tiba ya mionzi lengo ni kwamba dozi isipotoke kwa zaidi ya asilimia 5. Nchini mwetu usimamizi wa vyanzo vyote vya mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo tarehe 4 Februari 2022 lilizindua mpango wa Miale ya Matumaini kwa ajili ya nchi zenye upungufu wa huduma hizi, husaidia kufundisha wataalamu. Wataalamu hao bado ni wachache. Tunawaambia wazi vijana wetu wa VIWAWA wanaosoma fizikia kidato cha tano na cha sita: si lazima kila mwenye alama nzuri awe daktari au mhandisi wa mgodi.

Hofu nyingine ni kwamba mgonjwa anarudi na mionzi mwilini na ataidhuru familia. Anayetibiwa kwa mashine ya nje, iwe kobalti au LINAC, habebi mionzi yoyote anapotoka chumbani. Anaweza kumpakata mtoto wake, kula chungu kimoja na wenzake, na kulala kitanda kimoja na mwenzi wake wa ndoa. Kumtenga ni dhuluma isiyo na msingi. Tena tusichanganye vipimo: utrasaundi ya mama mjamzito hutumia mawimbi ya sauti, na MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, vyote viwili havina mionzi ya aina ya eksirei.

Tugeukie sasa zile siku za kwanza, zinazopotea kabla ya hospitali. Wagonjwa wengi wa saratani nchini hufika wakiwa tayari katika hatua ya tatu au ya nne. Kwetu sababu zinajulikana. Mama huficha damu kwa kuwa ni jambo la aibu. Akisema, husubiri mume arudi kutoka mnadani au mgodini, kwa maana uamuzi wa kuuza ng'ombe si wake. Ng'ombe akiuzwa, wa kwanza mara nyingi huishia kwa mganga, kwa sababu uvimbe usiopona huulizwa umetumwa na nani. Akipatikana anayetajwa, familia inakuwa na ugomvi na mgonjwa pamoja. Ng'ombe wa pili huishia katika maombi ya mtu anayeahidi uponyaji wa papo hapo kwa sharti la kuacha dawa. Hapo miezi minane imepita, na uvimbe ambao ungeondolewa kwa upasuaji mdogo umeshika kibofu.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamtaka mwamini amheshimu tabibu, asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, maana naye ameumbwa na Bwana. Sala na dawa zimewekwa pamoja katika sura moja. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wa Kitume Salvifici Doloris wa mwaka 1984, alieleza thamani ya mateso yaliyounganishwa na mateso ya Kristo, lakini katika waraka huohuo Msamaria Mwema ndiye mfano, na Msamaria hakumwacha majeruhi apate thamani ya mateso barabarani. Alimfunga majeraha na kulipa gharama za nyumba ya wageni. Tena, kwa wale ambao ugonjwa umewashinda madaktari, Kanisa halimlazimishi mtu tiba zenye mzigo usiolingana na faida yake. Kubaki nyumbani na dawa ya maumivu, ukizungukwa na wanao, si kukata tamaa. Mionzi yenyewe, kwa kipindi kimoja tu, mara nyingi hutumika kutuliza maumivu ya saratani iliyoingia kwenye mifupa, hata pale ambapo haiwezi kuponya, na ni wachache wanaojua kuomba huduma hiyo.

Nasi mapadre tunaitwa kwa wagonjwa kwa kuchelewa vilevile. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Wakati wake umekwisha kufika mara mwamini anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Hata hivyo, katika vigango vyetu simu ya katekista huja wakati mgonjwa hasemi tena, na majirani wakiona gari la padre wanaanza kulia. Tungependa kumpaka mafuta mgonjwa kabla hajapanda basi la kwenda Bugando, ili aende na neema hiyo. Anayeogopa kumwita padre mapema, mara nyingi ndiye yule yule anayeogopa kwenda kupimwa mapema, na hofu ni ileile: kwamba kulitaja jambo ni kulileta.

Wilaya hizi zetu si ngeni katika historia ya saratani. Daktari Denis Burkitt, akiwa Mulago nchini Uganda, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto unaokua kwa kasi ya ajabu, ambao sasa unabeba jina lake. Wilaya ya zamani ya North Mara, ambayo leo ni Tarime na Rorya, ilikuwa na wagonjwa wengi wa aina hiyo, na hospitali ya ndugu zetu Wamennoni pale Shirati ikawa kituo cha utafiti uliosomwa duniani kote. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa North Mara walipewa vidonge vya klorokwini ili kujaribu kama kupunguza malaria kungepunguza uvimbe huo. Jibu halikuwa la kukata shauri, lakini elimu iliyopo leo juu ya malaria na saratani hiyo inadaiwa sehemu na watoto hao, ambao sasa wengine ni wazee wa kanisa na mama wa jumuiya. Uvimbe wa Burkitt hutibiwa kwa dawa, na ukiwahiwa hupona. Mzazi anayeona taya la mtoto likivimba asihesabu majuma, ahesabu siku.

Katika Injili ya Marko, sura ya pili, mtu aliyepooza hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Walikuwapo wanne waliombeba, wakapanda juu na kutoboa dari, na Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zetu hujua kubeba jeneza vizuri sana: siku moja tu, na tayari kuna mchango, maturubai, sufuria na ng'ombe wa kulisha waombolezaji. Tukiwa wakweli, nusu ya fedha inayopatikana kwa siku tatu za msiba ingetosha kumlipia mama huyo chumba cha majuma matano akiwa hai. Tunapendekeza kila jumuiya ijiulize katika kikao chake kijacho nani atabaki na watoto, nani atavuna, nani atampigia mgonjwa simu kila jioni, na nani atamsindikiza. Parokia za Tarime na Serengeti zikiungana, kutafuta makao ya pamoja ya wagonjwa wetu Mwanza si ndoto. Waamini wa mjini wenye asili ya huku wapo, na wengine wana vyumba.

WAWATA wanayo kazi nyingine. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki hufanyika kwenye vituo vya afya, huchukua dakika chache, na hauhitaji mashine yoyote ya mionzi. Wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 50 wanahimizwa zaidi. Wakienda kwa kundi baada ya Misa, aibu hupungua. Chanjo ya kuzuia kirusi kinachosababisha saratani hiyo ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba chanjo hiyo inafunga kizazi hauna ukweli, na baba anayemzuia binti yake kwa sababu ya uvumi huo anamwachia mzigo wa miaka thelathini baadaye.

Kwa yule ambaye tayari ana barua ya rufaa mkononi: nenda na majibu ya kipimo cha kinyama, kwa maana pasipo hayo tiba ya mionzi haiwezi kupangwa. Beba picha zote ulizowahi kupigwa, pamoja na maelezo yake yaliyoandikwa, na kadi ya bima kama unayo. Waambie kwamba unatoka mbali, ili ratiba yako ipangwe wakijua. Siku utakapolazwa juu ya meza ya CT Scan kwa ajili ya mpango wa tiba, utachorwa alama ndogo kwenye ngozi. Usizisugue unapooga, hadi watakapokuruhusu.